Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mashine ya kupozea chumba cha mvinyo

Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, na kazi yangu kubwa iko pwani: Dar es Salaam, Bagamoyo, Unguja, mara mojamoja Mombasa. Miaka hii vyumba vya mvinyo vimeongezeka, hotelini, kwenye migahawa na hata majumbani. Ninaoitwa kwao wananiuliza mambo yale yale, na makosa ninayoyakuta ni yale yale. Nimeandika majibu kwa urefu kwa sababu haya mambo hayaelezeki kwa simu ya dakika tano, na kwa sababu inaniuma nikikuta mtu kamaliza mamilioni kwenye mashine huku ukuta wa chumba chake unatiririka maji.

Mvinyo unataka joto gani hasa?

Nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Mimi huweka 13 na kuiacha hapo. Mwekundu na mweupe wote unakaa pamoja. Tofauti yao ni ya mezani, wakati wa kunywa.

Hata hivyo, kinachoangaliwa zaidi ni kutulia kwa joto. Chumba kinachokaa nyuzi 16 mwaka mzima nakipenda kuliko kinachofika 20 mchana na kushuka 11 usiku. Mvinyo ukipata joto unatanuka na kusukuma kizibo. Ukipoa unanywea na kuvuta hewa ndani. Hiyo hewa ya kidogokidogo ndiyo inayouharibu. Ukitaka kuona dalili, bandua kile kifuniko chembamba kwenye shingo ya chupa: chupa iliyoteseka mara nyingi ina mchirizi mkavu, unaonata, pembeni ya kizibo.

Mashine inatengenezaje baridi?

Haitengenezi. Inabeba joto lililomo chumbani na kwenda kulimwaga nje.

Kumbuka nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano. Ngozi inasikia baridi papo hapo, ingawa spiriti yenyewe haikutoka kwenye friji. Inapokauka inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, inalichukua kwenye ngozi yako. Friji zote zinafanya hivyo hivyo, ila mvuke wake haupotei hewani. Unakamatwa, unarudishwa kuwa majimaji, unatumika tena.

Sasa twende mkono kwa mkono kwenye mashine yenyewe. Ndani ya chumba kuna koili yenye mapezi membamba ya alumini, tunaiita evapareta. Humo gesi ya kupozea, inayofanya kazi ya ile spiriti, inaingia ikiwa majimaji na inachemka. Usishtuke kusikia kuchemka: gesi ya R134a ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikibanwa kiasi inachemka kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, ambako ndiko tunakotaka. Feni inapuliza hewa ya chumba kupitia mapezi hayo, hewa inaacha joto lake na kurudi kwenye chupa ikiwa imepoa.

Mvuke unaotoka hapo unavutwa na kompresa, ule mtungi mweusi wa chuma unaonguruma. Kompresa inaubana hadi unakuwa wa moto sana. Shika bomba linaloingia kwenye kompresa, utalikuta la baridi, mara nyingi lina matone. Linalotoka usilishike, utaungua. Kutoka hapo mvuke wa moto unakwenda kwenye koili ya pili iliyo nje ya chumba, kondensa. Hewa ya nje hata ikiwa nyuzi 33 ni baridi ukilinganisha na gesi iliyobanwa, kwa hiyo gesi inaachia joto na kugeuka majimaji tena. Kwenye nyuzi 50 gesi hiyo imebanwa kama mara 13 ya hewa tunayovuta. Kwenye koili ya ndani, yenye nyuzi 5, ni mara tatu na nusu tu. Baina ya pande hizo mbili kuna mlango mwembamba, valvu ya upanuzi au bomba jembamba kama waya liitwalo kapilari. Majimaji yakipenya hapo mgandamizo unaanguka, yanapoa ghafla, na safari inaanza upya.

Mmarekani Jacob Perkins, akiishi London, alipata hataza ya mzunguko huu mwaka 1834. Mashine ninazofunga leo zina kadi za umeme na sensa, lakini mzunguko ni ule ule.

Kwa nini nisifunge AC ya kawaida? Ni rahisi na ipo kila duka.

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na kosa la kwanza kwa wingi.

AC ya nyumbani imeundwa ikupe nyuzi 22 hadi 26. Rimoti nyingi zinaishia 16, kwa hiyo 13 huipati. Wapo mafundi wanaoidanganya sensa kwa kuipashia joto kidogo ili kompresa iendelee kukimbia. Hapo koili inashuka chini ya sifuri, unyevu wa hewa unaganda juu yake, barafu inaziba mapezi, hewa haipiti tena. Asubuhi unakuta donge la barafu ukutani na chumba kina joto.

Pili, inakausha. Hewa ya nyuzi 13 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha matone ikigusa kitu chenye nyuzi 5 na ushei. Mashine ya mvinyo inapewa koili kubwa na feni ya polepole ili koili isihitaji kuwa baridi kuliko hapo kwa muda mrefu. Koili ndogo iliyo baridi sana inafyonza maji yote ya hewani, na chumba kinakauka.

Tatu, ni kubwa mno. AC ndogo ya dukani ni BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Chumba cha mvinyo kilichojengwa vizuri hakihitaji hata robo yake, hesabu iko chini. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inawaka dakika mbili, inazima, inawaka tena. Kompresa inachoka kwa kuwashwa zaidi ya inavyochoka kwa kukimbia.

Niliwahi kuitwa kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni. AC ilikuwa imefungwa miezi minane. Mwenyewe alilalamika kwamba mashine "imechoka". Nilipoifungua, koili ilikuwa imeota barafu nene kama kiganja, na chini yake rafu nzima ya chupa ilikuwa imelowa, lebo zimeteleza hadi sakafuni. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imepewa kazi isiyo yake.

Wafaransa wanachimba tu chini ya ardhi. Nami nikichimba?

Inategemea unachimba wapi. Ukishuka mita kadhaa ardhini, joto huacha kufuata mchana na usiku, na linakaa karibu na wastani wa joto la mwaka wa mahali hapo. Mapango ya chokaa ya Reims, kule Champagne, yana nyuzi 10 hadi 12 kwa sababu wastani wa mwaka wa Reims ndio huo. Hawakuwa na siri nyingine.

Wastani wa Dar es Salaam ni kama nyuzi 26. Chimba kisima ukitaka, chini utakuta 26 iliyotulia, na maji pengine kabla hujafika. Nairobi ni habari nyingine: wastani wake uko kwenye 18 au 19, kwa hiyo chumba cha chini ya ardhi kule kinaiachia mashine kazi ya nyuzi tano au sita tu. Kama una kiwanja Limuru au Lushoto, kuchimba ni wazo zuri kabisa. Pwani, weka hela yako kwenye kuta.

Kuta zinafanya kazi gani hasa? Nina mashine nzuri.

Kuta ndizo zinazohifadhi mvinyo. Mashine inalipa deni la kuta.

Chukua chumba kidogo, mita 3 kwa 2, urefu wa kwenda juu mita 2.4. Ukijumlisha kuta, dari na sakafu unapata mita za mraba 36. Nje nyuzi 32, ndani 13, tofauti 19. Ukuta wa tofali la saruji uliopigwa plasta unapitisha kama wati 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Zidisha: 36 mara 2.5 mara 19, unapata wati 1,710. Ni kama pasi ya umeme iliyowashwa katikati ya chupa zako, usiku na mchana.

Sasa zungushia povu gumu la poliurethani la sentimita 10, kuta zote, dari na sakafu. Ukuta unashuka hadi robo wati hivi. Hesabu ile ile inatoa wati 171. Umepunguza mzigo mara kumi, kwa kitu kisichonunua uniti wala kudai fundi.

Foamu nyeupe, ile inayowekwa kwenye maboksi ya televisheni, inafaa pia ukiongeza unene. Sentimita 15 zinakaribia 10 za poliurethani. Sufi ya kioo siipendi pwani, kwa sababu ya jibu linalofuata. Na tafadhali usisahau sakafu. Wengi huruka sakafu wakidhani "chini ni baridi". Chini ni nyuzi 26.

Kwa nini ukuta unalia maji?

Kwa sababu hewa ya pwani imebeba maji na umeipa mahali pa kuyaacha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 ina kama gramu 23 za maji katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 13 yenye unyevu wa asilimia 60 ina kama gramu 7. Mvuke unasukumana kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache, unapenya saruji, unapenya sufi, na unapofika sehemu iliyo baridi ndani ya ukuta unageuka maji. Huyaoni. Yanaozesha mbao, yanalowesha kihami joto, yaani lile povu au sufi, na kihami kilicholowa kinapitisha joto kama vile hakipo.

Kinga yake ni nailoni nzito, ile ya kuwekwa chini ya zege, ivikwe chumba kizima bila tundu, maungio yakipishana na kubanwa kwa utepe. Na iwekwe upande wa nje wa kihami, upande wa joto. Hapa ndipo michoro inayoletwa kutoka Ulaya inapowapotosha mafundi. Kule nyumba inapashwa joto, upande wa joto ni wa ndani, nailoni inakaa ndani. Sisi tunapoza chumba katika nchi ya joto, ni kinyume. Ukiiweka ndani umeufungia mvuke ndani ya ukuta, na umeujengea bwawa.

Nilifungua ukuta mmoja wa namna hiyo mwaka wake wa pili. Jipsamu ilitoka mkononi kama ugali. Nyuma yake sufi ya kioo ilikuwa nyeusi kwa ukungu, nikaiminya, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, hakusema neno. Kazi ile ilianza upya kuanzia tofali.

Ukinunua paneli za vyumba vya baridi, zenye bati pande zote mbili na povu katikati, bati la nje linafanya kazi ya nailoni. Kilichobaki ni kuziba maungio kwa silikoni, pamoja na kila tundu la waya na bomba.

Nataka mlango wa kioo ili wageni waone chupa.

Nakuelewa, unapendeza. Ila ujue bei yake. Mlango wa mita 2 za mraba wa kioo cha tabaka moja unaingiza kama wati 217 kwenye mfano wetu. Mlango mmoja unaingiza joto kuliko kuta, dari na sakafu kwa pamoja. Na upande wa nje utatoa jasho, maji yatachuruzika hadi zulia.

Kioo cha tabaka mbili chenye hewa iliyofungiwa katikati kinapunguza joto hilo hadi nusu hivi, na jasho linapungua sana. Kisichoruhusiwa kabisa ni jua la moja kwa moja. Mvinyo unaharibiwa na mwanga pia, hasa ulio kwenye chupa nyeupe.

Mlango wowote, jaribu mpira wake kwa noti. Funga mlango ukiwa umebana noti, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, hewa nayo inapita hapo. Zungusha jaribio pande zote nne; mara nyingi kona ya chini upande wa bawaba ndiyo inayoachia kwanza. Ukiacha mlango wazi hadi nusu ya hewa ya chumba chetu cha mfano ibadilike, umeingiza zaidi ya gramu 110 za maji, nusu kikombe cha chai. Mashine italazimika kuyatoa yote.

Nitajuaje ukubwa wa mashine?

Endelea na chumba chetu. Kuta wati 171, taa 40, feni ya ndani 40, kufungua mlango tukadirie 100. Jumla ni 350 na ushei. Mashine haitakiwi kukimbia saa 24. Tunaipangia 16 ili ipumzike na iwe na akiba siku za Februari. 350 mara 24 gawanya kwa 16 ni wati 525, yaani BTU 1,800 kwa saa. Ndiyo maana nimesema AC ya 9,000 ni mara tano ya kinachohitajika.

Angalia pia karatasi ya mashine imepimwa katika joto gani la nje. Nyingi zinaandikwa uwezo wake zikiwa kwenye hewa ya nyuzi 25 hivi. Kwenye nyuzi 35 uwezo huo unapungua sana. Muuzaji asipoweza kukupa namba ya joto la kwetu, usilipe bado.

Ya ukutani au iliyogawanyika?

Ya kipande kimoja inatobolewa ukutani, inavuta ndani na kutema joto upande wa pili. Rahisi kufunga, rahisi kubadilisha, ina kelele kiasi. Iliyogawanyika ina kompresa na kondensa nje, koili ndani, na mabomba ya shaba katikati. Ni tulivu na ina nguvu, ila inataka fundi anayejua kulehemu kwa fedha huku naitrojeni ikipita ndani ya bomba, na kuvuta vakyumu ipasavyo, yaani kunyonya hewa yote mabombani, kabla ya gesi.

Ya ukutani ina mtego mmoja. Joto linatemwa upande wa pili wa ukuta, na upande huo mara nyingi ni stoo ndogo iliyofungwa. Joto halina pa kwenda, stoo inafika nyuzi 45, mashine inavuta hewa ile ile ya moto iliyoitema. Hapo kompresa itakufa, ni suala la muda. Darini nako usiweke. Chini ya bati mchana joto ni kali kuliko jikoni.

Unyevu uwe kiasi gani?

Kati ya asilimia 50 na 70. Ukizidi 70 kwa muda mrefu lebo zinaota ukungu, na hotelini chupa yenye lebo chafu haiuziki hata kama mvinyo ni mzima. Chini ya 50 kwa miaka, vizibo vya gome vinakauka. Laza chupa ili mvinyo uguse kizibo. Zenye kifuniko cha kusokota hazihitaji kulazwa.

Pwani tatizo ni kuzidi, na dawa yake ni nailoni na mpira wa mlango, si mashine ya pili. Bara, chumba kikiwa kimezibwa vizuri, mashine inaweza kukausha kupita kiasi. Beseni la maji chini ya feni linasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Maji yanayotoka kwenye koili yawe na bomba lenye mteremko na kona ya kuzuia hewa. Likiziba kwa utelezi, sinia ya kukinga maji chini ya koili inafurika ndani.

Umeme ukikatika?

Tulia, usifungue mlango. Chupa 500 zina lita 375 za mvinyo na kama kilo 250 za kioo, na vyote vinahifadhi baridi. Katika chumba chetu chenye povu, inachukua kama saa tatu kwa joto la chupa kupanda nyuzi moja. Usiku mzima bila umeme utakupandisha nyuzi tatu au nne, na mvinyo hautadhurika. Katika chumba cha tofali tupu nyuzi moja inapanda kwa dakika kumi na saba hivi mwanzoni. Watu wananiuliza jenereta; nawauliza unene wa povu.

Cha kuogopa ni umeme unaporudi. Unarudi ukiwa juu au ukiwa dhaifu, unakatika tena baada ya sekunde kumi. Kompresa inayowashwa kabla mgandamizo wa pande mbili haujalingana inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inaungua. Funga stabilaiza yenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika tatu hadi tano. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kompresa.

Fundi wangu anajaza gesi kila baada ya miezi mitatu. Ni kawaida?

Hapana. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine iliyofungwa vizuri hukaa miaka na miaka na gesi yake ya kwanza. Ikipungua, kuna tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ile ile gesi mara nne kwa mwaka.

Mwambie akuonyeshe. Tundu huacha alama ya mafuta, kwa sababu gesi inatembea na mafuta ya kompresa. Tazama kwenye maungio, utaona doa lenye vumbi lililonata. Povu la sabuni ya maji linathibitisha. Kisha gesi itolewe kwenye mtungi, tundu lilehemiwe, mfumo ujaribiwe kwa naitrojeni, uvutwe vakyumu, na gesi ipimwe kwa mzani kulingana na kibandiko cha mashine. Kujaza kwa kusikiliza mlio au kupapasa bomba nimekuona sana, na nimezika kompresa nyingi zilizojazwa hivyo.

Nichague mashine ya gesi gani?

Gesi ya R134a iko kila mahali na kila fundi anaijua. Ila ikivuja, kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Mwezi Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, jirani zetu hapa, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii hatua kwa hatua, na makubaliano hayo yalianza kufanya kazi mwaka 2019. Kwa hiyo upatikanaji wake utaendelea kubana, na bei nayo.

R290, ambayo ni propani safi, ukoo mmoja na gesi ya kupikia, haina madhara hayo kwa hewa na inafanya kazi vizuri kwenye joto letu. Inawaka moto, ndiyo, kwa hiyo mashine ndogo zinawekwa kiasi kidogo sana, mara nyingi gramu 150 au pungufu, na fundi asiyefunzwa asiiguse na tochi ya kulehemia. Kwa mashine mpya ndogo, mimi ningechukua hiyo. Usikubali kamwe mtu akubadilishie R134a kwa R290 kwenye mashine ile ile; vifaa vya umeme vya ndani havikutengenezwa kwa gesi inayolipuka.

Ninaishi mita hamsini kutoka baharini. Mashine itadumu?

Chumvi inakula mapezi ya alumini hadi yanabomoka kama majani makavu. Agiza kondensa iliyopakwa rangi ya kinga kiwandani, iweke upande usiopigwa na upepo wa bahari, na ioshe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, bila presha, mashine ikiwa imezimwa. Nimeona mbili za aina moja, nyumba mbili jirani: inayooshwa bado inafanya kazi, nyingine niliitoa kwa koleo.

Friji ndogo ya mvinyo isiyo na kompresa inatosha?

Nairobi, kwa chupa kumi na mbili, labda. Hizo hupoza kwa kipande kidogo cha umeme na zinategemea sana joto la nje. Mombasa mwezi Machi hazitafika 13. Chukua yenye kompresa.

Naweza kuhifadhi vitu vingine humo?

Chokoleti, sawa. Vitunguu, samaki mkavu na rangi za nyumba, hapana, harufu inapita. Dawa na chanjo zinazotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 zisiingie kabisa, 13 ni joto kwao.

Chumba kimekamilika. Niingize chupa lini?

Si siku hiyo hiyo. Washa mashine chumba kikiwa kitupu kwa siku mbili au tatu. Saruji mpya na rangi vina maji, na mwanzoni bomba la kutolea litatiririka sana. Hilo ni jambo jema. Pita na tochi usiku, pitisha kiganja kwenye kona zote na kuzunguka mlango, tafuta ubaridi unaotoka nje au tone lolote. Ukilipata, ni rahisi kulitibu sasa kuliko rafu zikiwa zimejaa.

Kisha ingiza chupa kwa awamu. Chupa 500 zilizokaa stoo ya nyuzi 30 zina joto la kutosha kuikimbiza mashine ndogo mfululizo zaidi ya siku nzima, hata mbili. Ingiza maboksi machache, subiri kesho, ongeza. Jaza maji kwenye chupa moja tupu, tumbukiza kipimajoto chenye waya, iweke rafu ya katikati. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia kila asubuhi, kwa sababu kipimajoto cha ukutani kinakuonyesha hewa tu, na hewa inabadilika kila mlango unapofunguliwa. Chupa hiyo ya maji ikikaa kwenye 13 siku saba mfululizo, leta zilizobaki.